Kabla na Baada ya "Lakini"

"Shikamooni. Mimi ni mama wa Muze. Nawashukuru wauguzi wa wodi ya wazazi kwa kunipokea vizuri usiku ule, Mungu awabariki. Lakini tuliambiwa dawa moja haipo tukanunue nje, tukazunguka duka zimefungwa, asubuhi tukaambiwa ilikuwepo. Naomba muangalie na taa ya chooni. Ahsanteni, samahani kama nimekosea."

Barua hii nimeitunga mimi. Karatasi halisi ya mgonjwa ina mwenyewe, na mwenyewe hakuiandika ili ichambuliwe magazetini. Hata hivyo, kila aliyewahi kusubiri dawa kwenye benchi la hospitali zetu ataitambua sura yake: salamu, shukrani, neno lenyewe, ombi, kisha kuomba radhi. Muze nimeitaja kwa makusudi. Iko bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, na anayepewa rufaa kutoka huko hupandishwa ukingo wa bonde hadi Ntendo ndipo afike Sumbawanga mjini, juu kwenye uwanda wa Ufipa, ambako baridi ya mwezi wa sita na wa saba haina mzaha. Tuchukulie kwamba mama huyu ameitumbukiza barua yake katika sanduku la maoni la kituo fulani pale mjini, tuseme Mazwi au kata ya jirani. Sanduku la mbao lenye kufuli dogo, limepigiliwa ukutani karibu na dirisha la dawa.

Sanduku linafunguliwa. Anayeshughulikia maoni anakaa na karatasi zake na jedwali. Upande wa kushoto wa jedwali kuna mada: dawa na vifaa tiba, lugha ya watumishi, muda wa kusubiri, usafi, gharama, miundombinu, pongezi. Karatasi inasomwa, alama inawekwa panapohusika, inafuata nyingine. Barua ya mama wa Muze inapata alama tatu. Moja inakwenda kwenye pongezi, kwa sababu ya wauguzi. Ya pili inakwenda kwenye dawa. Ya tatu, kwenye miundombinu, kwa ajili ya taa. Salamu, Muze na samahani havina safu ya kuwekwa, basi vinabaki kwenye karatasi, na karatasi inabaki kwenye faili.

Jedwali halijakosea. Pongezi zimo, dawa imo, taa imo. Ninachodai ni kwamba barua hii ina mada ya nne, kubwa kuliko hizo tatu, na kwamba mpangaji hakuiona kwa sababu alisoma nomino tu. Ili tuione, inabidi tuisome barua kama tunavyosoma shairi au hadithi fupi, yaani kwa kuangalia imejengwaje.

Tuanze na salamu. "Shikamooni" ni salamu ya wengi, na huyu ni mtu mmoja anayeandikia ofisi. Kwa desturi zetu mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa. Mama huyu huenda ni mkubwa kuliko nusu ya wauguzi waliompokea, lakini kwenye karatasi amejishusha, akawapa wote shikamoo. Ufipani, ambako bado utamwona mtu akichuchumaa na kupiga makofi taratibu anapomwamkia mzee, kujishusha huku hakupiti bure. Kunaweka kipimo cha sauti kwa barua nzima. Huko mwisho tunakutana na "samahani kama nimekosea", na baina ya ncha hizo mbili kila kitu kimesemwa kwa sauti ya mdogo anayezungumza na mkubwa. Msomaji anayepima uzito wa lalamiko kwa ukali wa maneno ataiweka barua hii miongoni mwa zile nyepesi. Atakuwa amepima adabu ya mwandishi akidhani amepima ukubwa wa tatizo.

Kisha nafsi. "Nawashukuru", "kunipokea", "naomba": hapo ni mimi, mmoja. Palipo na shida anahamia kwenye "tu": tuliambiwa, tukanunue, tukazunguka, tukaambiwa. Inawezekana kweli walikuwa wawili, mjamzito na aliyemsindikiza, kwa maana hakuna mwanamke anayepanda kutoka bondeni na uchungu peke yake. Inawezekana pia kwamba "tu" ni kivuli cha kujikinga: shukrani naitoa kwa jina langu, lawama tunaibeba wengi. Siwezi kuamua, na sidhani kama mpangaji anapaswa kuamua. Lakini mtu wa pili akiwepo, huyo ndiye aliyezunguka mjini gizani. Kwenye jedwali hana nafasi, maana si mgonjwa.

Halafu zile kauli za kutendwa. Mara mbili mama anasema "ambiwa", na mara zote mbili hasemi na nani. Angeweza kuandika "muuguzi alituambia". Anamjua, alikuwa mbele yake. Hata hivyo amekwisha kuwashukuru wauguzi katika sentensi ya nyuma, na huenda aliyemwambia dawa haipo ndiye yuleyule aliyempokea vizuri. Kauli ya kutendwa inamruhusu kumshukuru mtu na kumsitiri mtu huyohuyo bila kujipinga. Kwa anayetafuta mkosaji, hapo hakuna kitu. Kwa anayetafuta hitilafu kuna jambo kubwa: kituo kimesema mara mbili, usiku na asubuhi, na kauli ya asubuhi imeifuta ya usiku. Mama hakusema kwamba yeyote amemdanganya. Amepanga tu kauli mbili kando kwa kando. Sentensi nzima haina hata kivumishi kimoja cha lawama, hakuna mbaya, hakuna chafu, hakuna kali; ina vitenzi na mfuatano wake.

Na mfuatano wenyewe umefungwa kwa ustadi. "Tukanunue", "tukazunguka". Silabi mbili za mwanzo ni zilezile, kazi ni tofauti. La kwanza linaishia na e: ni agizo, nendeni mkanunue. La pili linaishia na a: ni tukio, walikwenda kweli. Kati ya agizo na utii hakuna hata "basi". Kiswahili kimempa mama njia ya kusema kwamba hawakubisha wala kuuliza, waliambiwa na wakaondoka, bila kutumia neno la ziada. Mpangaji anayeifupisha sentensi hii kuwa "upatikanaji wa dawa" ameutupa utii huo. Ameutupa na ukimya wa fedha. Kwa sera ya nchi huduma za mama mjamzito hutolewa bila malipo, nao walitumwa wakanunue. Barua haitaji bei, haitaji sera, haiulizi kwa nini. Safu ya "gharama" haitapata alama. Hawakununua, kwa kuwa maduka yalikuwa yamefungwa, lakini walikuwa tayari kununua, na utayari huo haumo kwenye mada yoyote.

Niliyaacha "duka zimefungwa" kama wengi wetu tunavyosema. Atakayeingiza maoni kwenye kompyuta huenda akasahihisha yasomeke "maduka yamefungwa". Hakuna ubaya mkubwa, ila akianza kusahihisha sarufi ataendelea hadi kusahihisha mpangilio, na mpangilio ndio tunaouhitaji.

Inabaki taa. "Naomba muangalie na taa ya chooni." Kiungo hapo ni "na". Mama hakusema muangalie taa, amesema muangalie na taa, maana yake kuna jingine la kuangaliwa ambalo hakulirudia kwa heshima, na taa imepachikwa kama nyongeza. Katika ombi lote ndicho kitu pekee alichokitaja kwa jina, kwa kuwa taa haina mwenyewe. Hakuna mtu atakayeona haya kwa sababu ya balbu. Hapa nafsi inarudi kuwa moja: naomba.

Sasa soma tena vitu vilivyotajwa. Kupokewa usiku ule. Maduka yamefungwa. Asubuhi. Taa ya chooni. Neno "usiku" limetokea mara moja, tena kwenye sehemu ya shukrani, lakini barua nzima iko ndani yake. Wauguzi wanashukuriwa kwa usiku, dawa inakosekana usiku na kuonekana asubuhi, maduka ya dawa yamefungwa kwa sababu ni usiku, na choo kisicho na taa ni tatizo jua likishazama. Hiyo ndiyo mada ya nne. Haikuwa kwenye jedwali kwa kuwa jedwali hupanga vitu, na usiku si kitu bali ni wakati ambao vitu vinapatikana au havipatikani. Iko pia pande zote mbili za "lakini". Anayegawa maoni kuwa mazuri na mabaya ameikata katikati, akaupeleka usiku wa shukrani kushoto na usiku wa shida kulia, visikutane tena.

Kwa nini nalishupalia hili? Kwa sababu ya neno "dawa" kama mada. Dawa ikikosekana katika kituo cha umma sababu zinaweza kuwa nyingi. Bohari ya Dawa, MSD, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, yaweza kuwa haina. Yaweza kuwa nayo na kituo hakikuagiza kwa wakati. Bohari ikikosa, kituo hutakiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeidhinishwa, na hapo pana taratibu zake na ucheleweshaji wake. Dawa yaweza kuwa si ya ngazi ya kituo hicho kwa mujibu wa mwongozo wa matibabu. Yaweza kuwa iko stoo na haijateremshwa wodini. Yaweza kuwa iko stoo na mwenye ufunguo yuko nyumbani kwake amelala. Sababu hizi zote, katika ripoti ya robo mwaka, zinaandikwa kwa maneno matatu: malalamiko ya dawa. Yakiongezeka, kituo kinaomba bajeti. Halmashauri inajibu kwamba bajeti ni finyu, jambo ambalo ni kweli, na mazungumzo yanaishia hapo.

Mama wa Muze, kwa maneno matatu, "asubuhi tukaambiwa ilikuwepo", ameziondoa karibu sababu zote hizo isipokuwa mbili za mwisho. Hakuna mkaguzi ambaye angefanya kazi hiyo kwa ufupi zaidi. Si bajeti wala mshitiri wala mwongozo. Ni stoo, wodi na ufunguo. Na ameyasema hayo bila kuijua stoo iko wapi.

Wanaofundisha uchambuzi wa mada wamelijua tatizo hili kwa muda. Virginia Braun na Victoria Clarke, katika makala yao ya mwaka 2006 ambayo watafiti wa afya duniani kote huitaja, walikataa lugha inayodai kwamba mada "zinajitokeza" zenyewe kutoka kwenye maandishi, kana kwamba zilikuwa humo zikisubiri kuokotwa. Mada hutengenezwa na msomaji, na msomaji anawajibika kwa alichokitengeneza. Katika ofisi zetu hali ni ngumu kuliko hiyo, maana mada hutengenezwa kabla ya karatasi ya kwanza kuandikwa. Jedwali linachapishwa, kisha sanduku linafunguliwa. Mfumo wa serikali wa e-Mrejesho, uliotengenezwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, umekwenda hatua moja mbele: mwananchi mwenyewe anachagua kama analeta lalamiko, pendekezo, ulizo au pongezi, ndipo aandike. Ni mfumo wenye faida yake, kwa sababu ujumbe unamfikia anayehusika bila kungoja mtu wa kufungua kufuli. Lakini mama wa Muze achague lipi? Barua yake ni pongezi, ni lalamiko, ni ombi, na lile "ilikuwepo" ni ulizo lisilo na alama ya kuuliza. Akilazimishwa kuchagua mlango mmoja, adabu itamwelekeza kwenye pongezi au pendekezo.

Uingereza, Alex Gillespie na Tom Reader wa chuo cha LSE walichapisha mwaka 2016 chombo cha kuchambulia barua za malalamiko ya wagonjwa. Kina nyanja tatu, tiba, uendeshaji na mahusiano, na ndani yake makundi saba. Ninachokipenda ni kwamba hakiishii kwenye nomino. Kinataka mpangaji aandike pia tatizo lilitokea katika hatua gani ya huduma, mapokezi, uchunguzi, wodini, kuruhusiwa, na uzito wake ni upi. Hatua ni karibu na vitenzi. Ukimpa barua yetu mtu aliyefunzwa chombo hicho, ataandika "wodini", na huenda akaona kwamba dawa na taa vyote viko hapo. Saa ya tukio, hata hivyo, bado angetakiwa kuifikiria mwenyewe.

Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazopanga maelfu ya maoni kwa dakika chache, na zitafika kwetu, kama hazijafika. Programu ya kupima hisia kwa kuhesabu maneno ikiletewa barua hii itakuta nawashukuru, vizuri, Mungu awabariki, ahsanteni. Upande wa pili itakuta haipo na zimefungwa, na samahani, ambayo sijui itaiweka wapi. Matokeo: mteja ameridhika.

Lakini umbo la maoni halianzii kwenye karatasi. Linaanzia pale mtu anapoulizwa. Utafiti uliofanywa katika vituo vya mkoa wa Tanga, wilaya za Korogwe na Muheza, na kuchapishwa mwaka 2014, uliwahoji wanawake karibu 1,800 waliotoka kujifungua, wakiwa bado hawajaondoka kituoni. Asilimia 19 walisema walitendewa bila staha kwa namna moja au nyingine. Baadhi yao, karibu 600, walifuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye na kuulizwa tena. Safari hii asilimia 28 walisema hivyo. Wodi haikubadilika, uzazi ulikuwa uleule, kilichobadilika ni ukuta uliokuwa nyuma ya aliyeulizwa. Kwa mhakiki wa umbo hii ni habari kubwa kuliko tofauti ya asilimia: sentensi ileile ya "tuliambiwa" inayosemwa getini, ikifika nyumbani inapata mtendaji. Sanduku letu, lililopigiliwa hatua chache kutoka dirisha la dawa, liko getini. Kila karatasi iliyomo ingepaswa kusomwa kwa kukumbuka mahali ilipoandikiwa.

Na pengine barua hii hakuiandika mama mwenyewe. Sanduku la maoni linadai kalamu, na si kila mama wa bondeni aliyekaa darasani kiasi cha kuandika Kiswahili kwa raha. Wengine Kifipa ndicho wanachosemea mambo mazito. Basi huandikiwa, na mtoto wa ndugu aliye kidato cha pili, au na mgonjwa wa kitanda cha jirani. Hapo barua ina watunzi wawili. "Samahani kama nimekosea" yaweza kuwa ya mama anayeogopa kuonekana mkorofi, na yaweza kuwa ya kijana anayeogopa kuonekana hajui tahajia. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, alitoa mwaka 1978 kitabu kizima cha sanaa ya maneno ya Wafipa, na hadithi alizozikusanya akazichapisha kama hadithi, zenye mwanzo na mwisho. Sidai kwamba karatasi ya sandukuni ni ngano. Nasema ina masimulizi ndani yake, na masimulizi yakikatwa vipande kwa mada, kinachopotea kwanza ni kipi kilitangulia kipi.

Mkoa huuhuu wa Rukwa umewahi kuona umbo lililo kinyume kabisa na la karatasi ya sandukuni. Miaka ya 2013 na 2014, Utepe Mweupe, muungano unaotetea uzazi salama, uliendesha hapa kampeni ya kudai huduma za dharura za uzazi katika vituo vya afya: upasuaji, damu, mtaalamu wa usingizi. Kaulimbiu ilikuwa Wajibika Mama Aishi, na maadhimisho ya Siku ya Utepe Mweupe ya mwaka 2014 yalifanyika Sumbawanga mbele ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda. Maelfu ya wananchi walitia saini. Angalia kaulimbiu hiyo ilivyoundwa. Kitenzi cha kwanza ni amri, tena ya umoja, na hakitaji anayeamriwa, kwa hiyo kila anayeisoma anaambiwa yeye. Kitenzi cha pili ni matokeo yanayotakiwa. Hakuna shikamoo, hakuna lakini, hakuna samahani. Mtu mmoja hawezi kuiandikia ofisi hivyo. Watu elfu kadhaa wanaweza.

Kampeni ile ilikuwa na haki ya kutumia nomino. Mpango wa taifa wa kupunguza vifo vya uzazi wa 2008 hadi 2015 ulikuwa umeahidi kwamba nusu ya vituo vya afya nchini vitatoa huduma kamili za dharura za uzazi ifikapo 2015. Ahadi ya namna hiyo hudaiwa kwa kuhesabu vyumba vya upasuaji vilivyopo na visivyopo. Pale kitu hakipo kabisa, mada iliyo nomino ni silaha nzuri: inabebeka, inahesabika, haina adabu ya kuipunguza makali. Barua ya mama wa Muze inahusu jambo jingine. Kitu kipo na hakifikiki. Hapo nomino inapotosha, kwa kuwa inalisajili lililopo kama lisilokuwepo, na kupeleka maombi ya kununua kile kilichokwisha kununuliwa.

Utepe Mweupe wa kimataifa baadaye ulijaribu kuunganisha maumbo hayo mawili. Kuanzia 2018 wanawake na wasichana waliulizwa swali moja la wazi: una ombi gani moja kuhusu huduma bora za uzazi? Majibu karibu milioni 1.2 kutoka nchi 114 yalikusanywa na kupangwa, na matokeo yakatangazwa 2019. La kwanza likawa kuhudumiwa kwa heshima na utu. La pili maji na usafi. La tatu dawa na vifaa. Kwamba heshima iliyashinda maji na dawa ni jambo ambalo jedwali lililochapishwa kabla lisingeweza kulitabiri, na hiyo ni sifa ya swali lililoacha nafasi tupu. Linalonisumbua ni neno "moja". Mama wetu akipewa ombi moja tu, kwa adabu aliyoionyesha, nadhani angeomba taa. Angewekwa chini ya miundombinu, na usiku wake ungeishia kwenye balbu.

Sipendekezi kila kituo kiajiri mhakiki wa fasihi. Muuguzi mmoja mwenye karatasi 40 na wodi iliyojaa hana muda wa kutofautisha e na a. Anachoweza kufanya ni kuongeza safu mbili kwenye jedwali lake: moja ya saa ya tukio, hata kama ni mchana au usiku tu, na nyingine ya kunakili kama kilivyo kipande cha sentensi chenye vitenzi, bila kukifupisha. "Tuliambiwa haipo, asubuhi tukaambiwa ilikuwepo." Maneno matano. Kipande hicho kikisomwa kwa sauti kwenye kikao cha timu ya kuboresha huduma, mganga mfawidhi akiwepo na mfamasia akiwepo, hakuna atakayeuliza kuhusu bajeti ya halmashauri. Watauliza nani alikuwa zamu, ufunguo wa stoo ulikuwa kwa nani, na kama kuna kabati la dawa za dharura wodini ambalo muuguzi wa usiku anaruhusiwa kulifungua bila kumpigia mtu simu.

Bila safu hizo, naiona ripoti ya robo mwaka ikiandikwa hivi, na kila mstari wake ni wa kweli. Maoni yaliyopokelewa kutoka kwa mteja huyu: matatu. Yaliyofanyiwa kazi: mawili, pongezi zimefikishwa kwa wahusika, taa imebadilishwa. Linaloendelea: moja, upungufu wa dawa, limewasilishwa ngazi ya juu.